Jalala la karavatini: namna mtaa wetu ulivyoliondoa, na kilichotugharimu

Watu wa mitaa ya jirani wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza tulifanyaje mpaka lile jalala la karavatini likaondoka na halijarudi. Wengi wanategemea nitawasimulia habari za siku ya usafi, mafagio na reki. Jibu ni refu kuliko unavyoweza kulisema umesimama na ndoo mkononi, na sehemu kubwa ya fedha na nguvu tulizotoa mwanzoni zilipotea bure. Naandika ili mwingine asipoteze zake.

Mtaa wetu uko Dar es Salaam, kwenye eneo ambalo halijapimwa. Nyumba zimesongamana, vichochoro vinapita kati ya ukuta na ukuta, na gari linafika barabara kubwa tu. Kwa chini kuna mtaro unaopokea maji ya mlima mzima na kuyapeleka mto Msimbazi. Pale mtaro unapokatiza njia kuna karavati, yaani daraja dogo la kupitisha maji chini ya njia, na pembeni yake ndipo jalala lilipokuwa. Maganda ya ndizi, vifuu vya nazi, pampasi, matambara, makopo ya rangi, nywele bandia za saluni, manyoya ya kuku. Jua likiwaka, harufu ilikuwa inakufuata mpaka jikoni hata ukifunga dirisha. Mvua ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kuna watu waliokuwa wakiisubiri. Wingu likitanda tu unawaona wanatoka na viroba kwenda kuvimwaga mtaroni ili maji yabebe. Maji hubeba mpaka kwenye mdomo wa karavati, panaziba, kisha yanarudi kuingia kwenye nyumba za watu.

Usafi wa pamoja haukuwa kitu kigeni kwetu. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia jijini na Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba ili siku hiyo itumike kufanya usafi, mtaa wetu ulitoka wote: wazee, vijana, akina mama wenye watoto mgongoni. Lundo lilizolewa mpaka udongo ukaonekana. Baadaye tukaizoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanafungwa asubuhi mpaka usafi uishe. Tulifanya kwa moyo. Lakini kabla ya mwezi mwingine kufika, lundo lilikuwa limesharudi pale pale.

Mimi niliingia kwenye kamati ya mazingira ya mtaa baada ya masika ambayo maji yaliingia usiku kwa jirani yangu. Mjukuu wake alikuwa amelala kwenye godoro la chini. Bibi alipomnyanyua, godoro lilikuwa limeanza kuelea. Asubuhi tulikuta sebule yake imejaa chupa na pampasi za mtaa mzima. Kwenye kikao kilichofuata kila aliyenyanyuka alisema neno lile lile, kwamba watu wa mtaa huu ni wachafu. Mzee mmoja, mjumbe wa shina wa siku nyingi, akasikiliza wote halafu akasema, "Wanangu, kabla hamjawaita watu wachafu, nendeni mkaangalie ni nani anayetupa na kwa nini anatupa pale." Ushauri huo ndio uliotuokoa, ingawa ilichukua muda kuufuata.

Kwanza tulifuata njia ambazo kila mtaa hufuata. Tuliweka kibao: "Usitupe taka hapa, faini sh. 50,000." Kilisomwa na wote, na taka ziliendelea kumwagwa chini yake. Tukaomba mgambo wakae pale usiku. Siku walizokaa, taka zilihamia nyuma ya shule, na walipoondoka zikarudi. Halafu tukachangishana tukanunua mapipa ya chuma, tukayapaka rangi na kuyapanga vizuri. Fedha hiyo inaniuma mpaka leo. Mapipa yalijaa ndani ya siku chache, na hakukuwa na mtu wa kuyamwaga. Watu wakawa wanarundika pembeni yake. Mawili yaliibwa, tukasikia yameuzwa chuma chakavu. Kama mtaa wako unafikiria kununua mapipa, ulizeni kwanza ni nani atayamwaga, siku gani, kwa usafiri gani, na nani atamlipa. Kama hamna majibu ya hayo manne, fedha ibaki mfukoni.

Ndipo tukarudi kwenye neno la mzee. Tukagawana zamu, mimi na mama mmoja muuza supu ambaye meza yake ilikuwa inatazamana na karavati. Yeye huwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, na mimi nilikuwa nakaa naye nikimkatia ndimu na vitunguu. Tulichokiona kilibadilisha kazi yote.

Waliotupa hawakuwa watu wa aina moja. Walikuwepo watoto waliotumwa kabla ya kwenda shule, na kiroba kikiwazidi uzito wanakiachia palipo karibu. Walikuwepo dada wa kazi wa nyumba nzuri kabisa zenye geti, ambao bosi wao analipa ada ya taka kila mwezi ila gari linapita hakuna mtu wa kufungua. Kulikuwa na vijana wa mkokoteni wanaolipwa shilingi 500 kwa kiroba na wenye nyumba ili "wakatupe mbali", na kwao mbali ilikuwa ni karavatini. Wauza genge waliacha maganda na mboga zilizooza kila jioni. Na kulikuwa na wapangaji, wengi sana, wa nyumba za vyumba sita au nane zenye korido moja na uwani padogo. Huyo hana pa kuweka kiroba cha taka hata kwa usiku mmoja, kwa sababu nje ya mlango wake ni mlango wa mwenzake.

Yupo mpangaji mmoja ambaye simsahau. Tulimwona akija kila siku alfajiri, amejifunika kanga mpaka usoni, anaweka mfuko harakaharaka na kuondoka bila kuangalia nyuma. Mama wa supu akaniambia tumfuate tu tukamsalimie, tusimkemee. Tukaenda. Alikuwa anakaa chumba kimoja na mama yake mzazi ambaye amepooza. Tulimwamkia yule bibi, akaitikia kwa sauti ndogo kutoka kitandani. Pembeni ya kitanda kulikuwa na jiko la mchina, na kati ya jiko na mlango hapakuwa na nafasi hata ya ndoo ya pili. Binti yake akasema, "Dada, pampasi za mama nitaziweka wapi? Gari linakuja au haliji, sijui. Nikiziacha hapa koridoni wapangaji wenzangu wananisema." Aliongea huku analia. Tangu siku ile sijaruhusu neno "wachafu" litumike kwenye kikao ninachokiandikia muhtasari.

Katika mazungumzo yote yale jambo moja lilikuwa linajirudia: hakuna aliyejua gari la taka linakuja lini. Lilikuwa linapita barabara kubwa, linapiga honi, linasubiri kidogo linaondoka. Mtu aliye kichochoro cha nne ndani akisikia honi na kubeba kiroba, akifika barabarani gari lipo kituo cha mbele. Wiki nyingine halikuja kabisa. Watu wakaacha kulipa kwa sababu halikuja, na kandarasi, yaani mwenye mkataba wa kuzoa taka, akapunguza safari kwa sababu hawakulipa. Kila upande ulikuwa na risiti zake na hasira zake.

Tulikwenda kumsikiliza kandarasi pia, na nawashauri sana mfanye hivyo kabla ya kwenda kumshitaki. Dereva wake alitueleza jambo ambalo hatukuwa tunalijua. Taka zetu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na kutoka kwetu mpaka kule ni foleni ya barabara, halafu foleni ya magari mengine ya taka yanayosubiri kumwaga. Mvua ikinyesha ndani ya dampo panakuwa tope, gari linanasa, safari iliyokuwa ya asubuhi inaishia jioni. Mtaa uliokuwa wa pili kwenye ratiba unaachwa. Mtaa wa pili ulikuwa sisi.

Kuna suala la sheria hapa ambalo wengi hulikosa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, jukumu la taka ngumu ni la serikali za mitaa, yaani halmashauri. Kandarasi anafanya kazi kwa mkataba na halmashauri, na ada inatozwa kwa sheria ndogo. Kwa hiyo ugomvi wa mwananchi na dereva wa lori barabarani haufiki popote. Malalamiko yapite kwa mtendaji wa mtaa, yafike kwa afisa afya wa kata, na yawe ya maandishi. Sisi tuliitisha mkutano, tukaandika muhtasari, tukaambatanisha karatasi ya mahudhurio yenye saini na namba za nyumba, tukaeleza tarehe ambazo gari halikuja. Barua ilipopokelewa tuliomba nakala yetu igongwe muhuri wa mapokezi. Muhuri ule ulitusaidia baadaye tulipoambiwa hakuna barua yoyote iliyofika. Na ombeni kuonyeshwa mkataba unasema nini kuhusu mtaa wenu: gari lije mara ngapi kwa wiki, lifike wapi. Kwetu ilikuwa imeandikwa gari lije mara mbili kwa wiki.

Suluhisho lenyewe lilitoka kwa vijana wa mkokoteni, wale wale waliokuwa wanatupa karavatini. Tulipowaita kwenye kikao walikuja wakidhani wanakamatwa. Mmoja akatuambia, "Mama, sisi tunajua kila nyumba inatoa taka kiasi gani. Tupeni pa kuzipeleka tutazipeleka." Gari haliwezi kuingia vichochoroni, lakini guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, linaingia. Tukakubaliana guta lipite vichochoroni Jumanne na Jumamosi kuanzia alfajiri, likusanye, lipeleke sehemu moja karibu na barabara kubwa ambako lori litapakia asubuhi hiyo hiyo. Kandarasi aliona faida upesi, kwa sababu badala ya kusimama kila kona gari linasimama mara moja na kujaa.

Hapa kuna jambo la kuwa makini nalo. Kikundi cha mtaa hakina ruhusa ya kujianzishia ada ya taka na kukusanya fedha, hata kama nia ni njema. Mkifanya hivyo mnaweza kujikuta mnaitwa matapeli, au mwananchi anadaiwa mara mbili. Tulikaa na kandarasi mbele ya mtendaji na bwana afya, tukaandikiana kwamba ada inaendelea kulipwa kwa utaratibu wa halmashauri kwa risiti ya mashine, na kandarasi anawalipa vijana wa guta sehemu ya makusanyo ya mtaa wetu kila mwisho wa mwezi. Vijana hawagusi fedha mlangoni. Kipengele hicho kilituletea amani kuliko kingine chochote. Katika mitaa ambayo nimeona juhudi kama hizi zikifa, mara nyingi zimeuawa na daftari la fedha, kabla hata ya kuchoka kwa watu.

Gharama zetu za kuanzia ziliwatisha wengi, na nazitaja ili mjiandae. Guta la mtumba tulilipata kwa shilingi 850,000, na bado lilihitaji kuchomelewa bodi na kubadilishwa matairi. Ukaongeza sepeto, reki, gambuti, glavu nzito, makoti na barakoa. Kila nyumba ilichangia 5,000, wapangaji 1,000 kwa chumba, na wafanyabiashara wachache wakaongeza zaidi. Kuna wenye nyumba walikataa kabisa, wakisema wao wanachoma zao uwani. Hao tuliwaacha kwanza, tukaendelea na waliokubali. Glavu na gambuti si za kubania. Kijana wetu mmoja alichomwa na msumari akiwa amevaa kandambili, na tukamkimbiza kuchomwa sindano ya pepopunda. Sasa hatumruhusu mtu kugusa guta kama hajachanjwa na hana viatu vya kufunika mguu mzima.

Tulianza ratiba kabla ya kuondoa lundo, na nina hakika hapo ndipo tulipopatia. Mitaa mingi huanza kwa kuzoa jalala kwa kishindo, kukiwa na picha na wageni, na kiroba cha kesho yake hakina pa kwenda. Sisi tulipitisha guta kwa wiki kadhaa huku lundo likiwa bado pale. Watu wakazoea kengele ya baiskeli ambayo vijana waliifunga mbele. Wakazoea kwamba Jumanne ni Jumanne kweli. Siku moja lori lilipochelewa, vijana waliwapigia wajumbe simu, wajumbe wakapita wakasema taka zibaki ndani mpaka saa kumi. Hakuna aliyetupa. Hapo nikajua watu wetu hawakuwa na tatizo la tabia, walikuwa na tatizo la kutoaminishwa.

Yule binti mwenye mama aliyepooza tulimpangia peke yake. Vijana wanapita mlangoni kwake hata siku ambayo si ya ratiba, wanachukua kiroba kilichofungwa, wanakiweka kwenye pipa lenye mfuniko pale kwenye kituo cha kupakia. Yeye halipi zaidi. Kikao kilikubaliana hivyo bila mabishano.

Kuhusu kutenganisha taka, tulikwenda Bonyokwa kujifunza. Kule shirika la Nipe Fagio lilifanya kazi na wakazi mpaka wakusanyaji wa taka wakawa na ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba, na watu wanatenganisha taka tangu jikoni. Nilirudi nikiwa nimeelewa jambo ambalo macho yangu yalikuwa yameliona siku zote bila kulipima: taka nyingi za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Ndizo nzito, ndizo zinazonuka, ndizo zinazoleta inzi na panya. Ukizitoa hizo, kilichobaki ni kikavu na chepesi, na kinaweza kukaa ndani siku tatu bila kumkera mtu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja hiyo ni nafuu kubwa.

Tukaanza na ndoo mbili za rangi za lita 20 kwa kila korido, moja ya maganda na moja ya vikavu. Haikukubalika kila mahali. Nyumba ambazo kuna mtu mmoja anayejali, mara nyingi bibi au mama mwenye nyumba, zilienda vizuri. Nyumba ambazo mwenye nyumba anakaa mbali na wapangaji wanabadilika kila miezi michache, mpaka leo zinachanganya. Maganda safi ya ndizi, viazi na matikiti yanachukuliwa na mfugaji wa ng'ombe. Mengine tunayafanya mboji kwenye kipande cha ardhi alichotuazima mzee mmoja: yanakaa kivulini, yanachanganywa na majani makavu na pumba za mbao, yanageuzwa, yanamwagiwa maji kidogo yakikauka. Inachukua miezi miwili mpaka mitatu. Yakianza kunuka maana yake ni mabichi mno, ongeza vikavu na ugeuze. Wauza miche wa pembezoni mwa barabara wananunua, fedha si nyingi, ila zinatosha kununua glavu.

Waokota makopo nao walikuwa wanalaumiwa sana, kwa sababu walikuwa wanachana viroba kutafuta chupa na kuacha uchafu umesambaa. Tuliwaita, tukawasalimu kama watu, tukakubaliana chupa na makopo yatakaa kwenye kiroba cha peke yake na wao wachukue bila kuchana chochote. Wanakuja kabla ya lori. Lori linapakia kidogo, wao wanapata mzigo msafi ambao mnunuzi anaupima kwa bei nzuri zaidi, na njia inabaki safi. Makopo na matairi tunayahimiza yasibaki nje hata siku moja, hasa mvua zikikaribia. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipolipuka Dar es Salaam, nyumba mbili za kichochoro chetu ziliugua. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotulia ndani ya kopo, tairi au kifuu cha nazi, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikukingi.

Mwaka huo huo wa 2019, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini. Niliona tofauti karavatini kwa macho yangu. Zamani mtu akichota tope la mtaro kwa sepeto, sepeto linakuja na rambo zilizosukana kama mkeka. Zile zilipungua sana. Lakini wapangaji walipoteza mfuko wa bure wa kuwekea taka, wengine wakawa wanabeba taka kwenye beseni na kuzimwaga hivyo hivyo. Tukawa tunakusanya viroba vya unga na vya mkaa kutoka madukani, vijana wanavirudisha vikiwa vitupu baada ya kumwaga. Kiroba kimoja kinadumu miezi. Jambo dogo, lakini bila hilo guta lingebeba taka zinazodondoka njia nzima.

Siku ya kulizoa lundo lenyewe ilipofika, tuliiweka kabla ya masika. Tuliomba lori na kijiko, ile mashine ya kuzolea, kwa barua iliyopitia ofisi ya mtaa, tukachangia mafuta. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana chini ya taka za juzi kulikuwa na taka za miaka. Kila tabaka lilikuwa na harufu yake. Tulikuta sindano, wembe, vipande vya vioo, hata kichwa cha mdoli ambacho kilimshitua kila aliyekiona. Watoto hatukuwaruhusu kusogea, na hilo nalisisitiza, maana siku za usafi watu hupenda kuwatanguliza watoto wa shule. Kuna aliyependekeza tuwashe moto tumalize haraka. Tulikataa. Moshi wa plastiki na pampasi unaingia kwenye vifua vya wazee na watoto wa vyumba vya karibu, na majivu yanaishia mtoni.

Jioni ile mtaro ulionekana mpaka sakafu yake ya zege. Watu walikuja kuangalia tu. Bibi yule wa godoro alikuja na mjukuu wake, akasimama muda mrefu, akatuombea dua.

Usiku huo huo tulikuwa tumeshapanga mahali pale patumikeje, kwa sababu eneo tupu ambalo halina mwenyewe hualika kiroba cha kwanza, na cha kwanza huita cha pili. Tulimwaga kifusi na mchanga, vijana wa bajaji wakahamishia kijiwe chao pale, wakajenga benchi na paa la mabati. Mama wa supu akasogeza meza yake. Tulipanda maua na mti wa kivuli. Wengine walitaka kupanda matembele na mchicha, tukawazuia, maana udongo ule umenyonya betri, rangi na vitu tusivyovijua kwa miaka. Mboga zikae kwingine.

Si kila kitu kimekaa sawa. Januari ni mwezi mgumu, watu wana ada za shule, malipo ya taka yanashuka na vijana wanapata kidogo. Mwaka uliopita wawili waliondoka kwenda kuendesha bodaboda, tukabaki na mmoja, na mimi na mwenyekiti wa kamati tulisukuma guta wenyewe mpaka tulipopata wengine. Mgongo uliniuma, na watu walinicheka, lakini wengine walitoka kusaidia kusukuma. Wakati wa sikukuu taka zinaongezeka ghafla, na kama hujazungumza na kandarasi mapema utajikuta na rundo la siku tatu kwenye kituo cha kupakia. Masika, barabara ya dampo ikiharibika, bado tunachelewa. Wapangaji wapya lazima wafundishwe kila mara, na kwa hilo tumewaomba wenye nyumba: mpangaji anapoingia, pamoja na kuelezwa kodi na zamu ya kudeki choo, aambiwe siku za guta na aonyeshwe ndoo mbili zilipo.

Wiki ijayo watu wa mtaa wa juu, ambao maji yao ndiyo yanayoshuka kwenye mtaro wetu, wanakuja kukaa na sisi. Nimewaomba waje na vitu vitatu: orodha ya nyumba kwa kila kichochoro pamoja na idadi ya vyumba, nakala ya mkataba wa kandarasi wao, na vijana wa mkokoteni wa kwao. Mwenyekiti wao alitaka wanunue mapipa kwanza. Nimemwambia anitembelee Jumanne alfajiri, tukae pale kwenye meza ya supu tuangalie guta likipita.